"Seva ya Muda" na Usahihi wa Saa: Uhakiki wa Baadhi ya Istilahi za Wakati

Istilahi nyingi huonekana njema zikiwa zimepangwa katika orodha, na ubovu wake haujitokezi mpaka zitiwe kazini na mtu mwenye bisibisi mkononi. Makala haya yanazitazama istilahi chache za saa na wakati kama zinavyotumika sasa katika tafsiri za mambo ya kompyuta, na kuzijaribu kwa kazi moja mahususi, nayo ni kukigeuza kipokezi cha GPS cha bei rahisi, kilichoundwa kwa ajili ya kuonyesha mahali, ili kiwe chanzo cha saa kwa kompyuta za nyumba moja, au shule, au zahanati. Kazi hii imeenea miongoni mwa wapenda ufundi wa Ulaya na Marekani, na maelekezo yake karibu yote ni ya Kiingereza. Mfasiri atakayeyaleta kwetu kwa istilahi zilizozoeleka atapata maandishi yanayosomeka vizuri lakini yasiyoweza kufuatwa. Hilo ndilo linalonisukuma kuandika.

Yafaa kwanza kuieleza kazi yenyewe, maana hatuwezi kuhukumu jina la kitu tusichokijua. Setilaiti za GPS huizunguka dunia kwa kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja imebeba saa za atomiki na hutangaza wakati wake bila kukoma. Kipokezi hakisemezani na setilaiti hizo, bali husikiliza tu, na kwa sababu hiyo neno *kipokezi* ni neno zuri, lisiachwe kwa ajili ya *kifaa cha GPS*, neno lisilosema lolote. Kwa kulinganisha kuchelewa kwa matangazo ya setilaiti nne au zaidi, kipokezi hupata mahali kilipo. Lakini mawimbi ya redio husafiri mita 300 hivi katika mikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa hiyo kipokezi kisichojua wakati barabara hakiwezi kamwe kujua mahali. Chombo hiki ni saa kwanza, na ramani baadaye. Jina la Kiingereza lilitaja mahali peke yake, nasi tukalifuata tuliposema *mfumo wa kutambua mahali*. Ndiyo maana wengi hushangaa wakiambiwa kwamba kidude cha kwenye gari kinaweza kufundisha kompyuta saa.

Faida yake ni dhahiri kwa yeyote aliyewahi kuendesha kompyuta ndogo za bei nafuu. Raspberry Pi, kwa mfano, haikuwa na saa ya ndani yenye kuendelea kutembea umeme unapokatika, hadi toleo la tano lilipotoka mwaka 2023. Umeme ukirudi, mashine huamka haijui leo ni lini. Penye intaneti huuliza wakati kwa utaratibu unaoitwa NTP, uliobuniwa na David L. Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1985. Pasipo intaneti, au pale inapokuja na kuondoka, mashine hubaki na tarehe ya kubuni: mafaili hupangwa kinyume, kumbukumbu za mashine mbili haziwezi kulinganishwa, na vyeti vya usalama vya kompyuta hukataliwa kwa kudhaniwa kuwa vimekwisha au havijaanza kutumika. Kipokezi cha bei ndogo kilichowekwa dirishani huondoa taabu hiyo yote.

Sasa tuje kwenye maneno. La kwanza ni *seva ya muda*, yaani kompyuta inayozigawia nyingine saa. Msomaji yeyote wa Kiswahili akiona *seva ya muda* ataelewa kwamba ni seva iliyowekwa kwa siku chache mpaka ile ya kudumu ipatikane, kama tunavyosema *kazi ya muda* au *makao ya muda*. Hapana shaka mfasiri alilenga kinyume cha hayo, kwani seva hiyo ndiyo inayotakiwa isizimwe. Kosa linatokana na tabia iliyoenea ya kuliweka neno *muda* kila mahali pa *wakati*. Muda ni urefu: muda wa saa mbili, muda wa kukaa madarakani. Wakati huwa na mahali pake katika mfululizo wa mambo: wakati wa magharibi, wakati wa mavuno. Chombo chetu hakigawi urefu. Kinajibu swali la *saa ngapi*. Basi iwe *seva ya saa*. Wapo watakaosema kwamba *saa* nayo ina maana tatu, yaani chombo, kipindi cha dakika sitini, na jibu la saa ngapi. Ni kweli, lakini hapa maana zote tatu zinaelekea upande mmoja, na hakuna hata moja inayomwambia fundi azime mashine kesho.

Neno zito zaidi ni *usahihi*. Ili kuona uzito wake inabidi tuingie ndani ya kipokezi. Kipokezi cha kawaida hutoa habari ya saa kwa njia mbili. Ya kwanza ni mistari ya maandishi, kwa mtindo uliowekwa na chama cha vifaa vya elektroniki vya baharini cha Marekani. Mistari hiyo huitwa *sentensi* hata kwa Kiingereza, jambo litakalowafurahisha walimu wa sarufi. Sentensi moja hutaja saa, tarehe, latitudo, longitudo, mwendo na uelekeo. (Mabaharia wetu walikuwa na neno *majira* kwa maana ya nyakati na pia kwa maana ya njia ya chombo baharini, sentensi hiyo basi hubeba majira yote mawili.) Njia ya pili ni mpigo wa umeme unaotokea mara moja kila sekunde katika ncha moja ya kipokezi. Katika vipokezi vingi vya bei rahisi ncha hiyo huwasha taa ndogo tu, ili mwenye chombo ajue kwamba setilaiti zimepatikana, na wapenda ufundi huunganisha waya mwembamba kutoka hapo hadi kwenye kompyuta.

Sentensi inajua ni sekunde gani, ila huchelewa kufika. Kwa kasi ya kawaida ya biti 4,800 kwa sekunde, ambapo kila herufi huchukua biti kumi, sentensi yenye herufi 72 huhitaji sehemu 0.15 ya sekunde ili ipite wayani, na kabla ya hapo kipokezi kimekwisha kutumia muda usiotabirika kuiandaa. Mpigo, kwa upande wake, huweza kuangukia penye mwanzo wa sekunde kwa tofauti isiyofika mikrosekunde moja, lakini haujui ni sekunde gani. Ni sauti tu. Programu kama chrony huviunganisha viwili hivyo: sentensi huipa sekunde jina, na mpigo huonyesha ilipoanza.

Msikilizaji wa redio analijua jambo hili tangu zamani. BBC ilianza kupiga milio sita ya saa tarehe 5 Februari 1924. Milio haisemi ni saa ngapi. Mtangazaji ndiye anayesema "saa kumi na mbili kamili". Mtangazaji peke yake huweza kuchelewa kwa pumzi moja au mbili, na milio peke yake haina habari. Tena si mlio wote wa mwisho unaohesabiwa, bali mwanzo wake. Vivyo hivyo mpigo wa kipokezi una mwanzo na mwisho. Katika vipokezi vingi vya kampuni ya u-blox, usipobadilishwa, huwa na urefu wa sehemu moja ya kumi ya sekunde. Fundi akiiambia kompyuta ifuate mwisho wake badala ya mwanzo, saa yake yote itakuwa imekosea kwa kiasi hicho hicho kila siku, bila kuyumba hata kidogo.

Hapa ndipo *usahihi* unapotushinda. Saa hiyo iliyofuata mwisho wa mpigo je, ni sahihi? Kila mpigo unalingana na mwenziwe kwa tofauti isiyoonekana. Lakini yote imekosea. Na sentensi je? Inataja sekunde iliyo kweli, ila kufika kwake kunacheza, leo mapema kidogo, kesho nyuma kidogo. (Nasema *kunacheza* kama fundi wa baiskeli asemavyo gurudumu linacheza; sioni neno bora zaidi.) Maelekezo ya Kiingereza hutumia maneno mawili tofauti kwa sifa hizi mbili, na tafsiri zetu huyageuza yote kuwa *usahihi*. Nimesoma tafsiri iliyomwambia msomaji, katika aya moja, kwamba mpigo una usahihi mkubwa na kwamba peke yake hauna usahihi. Mfasiri hakudanganya, lugha aliyopewa ndiyo iliyomfunga.

Kuna mfano ulio wazi hata zaidi. Mfumo wa GPS ulianza kuhesabu majuma tarehe 6 Januari 1980, na katika matangazo yake ya asili hesabu hiyo ilipewa nafasi ya kufika majuma 1,024 tu, kisha hurudi sifuri. Ilirudi sifuri Agosti 1999, na tena Aprili 2019. Vipokezi vya zamani, ambavyo ndivyo vinavyouzwa kwa bei ya kutupa, huweza kuchanganyikiwa na kutoa tarehe iliyo nyuma kwa majuma 1,024, yaani miaka 19 na miezi saba na zaidi. Siku ya Jumatatu tarehe 1 Julai 2024 kipokezi cha namna hiyo kingeweza kusema ni tarehe 15 Novemba 2004, ambayo nayo ilikuwa Jumatatu. Na mpigo wake ungekuwa mzuri kabisa, usiochezacheza hata chembe. Mtumishi wa ofisi aliyeambiwa kwamba chombo kina usahihi wa mikrosekunde atakuwa na haki gani ya kukitilia shaka?

Baadhi wamependekeza *umakini* kwa sifa ya pili. Sikubaliani nao. Umakini ni tabia ya mtu mwenye kutulia na kuangalia. Mwanafunzi huwa makini, waya hauwi. Tena neno hilo lina sifa njema ndani yake, na tumekwisha kuona kwamba chombo chaweza kurudia kosa lile lile kwa ustadi wa ajabu. Naona tuliachie *usahihi* maana yake ya asili, ya kupatana na ukweli, na kwa kule kurudia bila kuchezacheza tutumie *uthabiti*. Mpigo ni thabiti. Sentensi ni sahihi lakini si thabiti. Kipokezi cha majuma yaliyorudi sifuri ni thabiti na si sahihi. Kwa sifa ya tatu, yaani udogo wa kipande cha wakati ambacho chombo kinaweza kukitenga na kingine, *upambanuzi* unatosha. Kompyuta inaweza kuandika saa yenye tarakimu tisa baada ya sekunde na huku imekosea kwa siku tatu. Huo ni upambanuzi, na si zaidi.

Kwa upande mwingine, yapo mahali ambapo lugha yetu ilikwisha kufanya kazi nzuri, nasi tunaibomoa kwa kupenda nomino. Kiswahili hutofautisha bila taabu *saa hii imechelewa dakika tano* na *saa hii inachelewa dakika tano kwa siku*. La kwanza ni pengo lililopo sasa. La pili ni mwendo wa saa yenyewe, ambao utazidisha pengo kila kukicha. Wahandisi wa saa wanahitaji tofauti hiyo kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa tiba zake ni mbili: pengo huzibwa mara moja, lakini mwendo hurekebishwa. Kioo cha kwazi katika kompyuta ya kawaida, kikikosea kwa sehemu 20 katika milioni, huipotezea au huiongezea saa sekunde 1.7 hivi kila siku. Na programu nzuri hujifunza tabia hiyo na kuifidia hata kipokezi kinapozimwa. Sasa, tafsiri zetu zimechukua *imechelewa* na *inachelewa*, zikayatia yote katika *ucheleweshaji*, na tofauti imepotea. *Ucheleweshaji* tena hudai awepo mcheleweshaji. Napendekeza *pengo* kwa la kwanza na *mwendo wa saa* kwa la pili. Na panapowezekana, mfasiri aache nomino, atumie kitenzi kama watu wanavyosema: saa inakimbia, saa inachelewa.

*Kusawazisha*, neno linalotumika katika simu za mkononi, nalo linahitaji kuwekewa mpaka. Seremala husawazisha mbao mbili kwa kupunguza hapa na pale; katika simu, majina yaliyo kwenye kitabu cha anwani hupelekwa na kurudishwa, na kila upande hupokea kutoka kwa mwenziwe. Kwa hilo neno linafaa. Lakini saa ya kompyuta na saa ya setilaiti hazikutani njiani. Moja huongoza na nyingine hufuata. Kitenzi *kufuatisha* kina uelekeo huo ndani yake, kama mtoto anavyofuatisha herufi zilizoandikwa na mwalimu, na naona kinafaa zaidi: *kompyuta hufuatisha saa ya kipokezi*. Namna za kufuatisha ni mbili, kuirusha saa hadi mahali pake mara moja, au kuivuta polepole kwa kuikimbiza au kuipunguza mwendo mpaka pengo liishe. Programu huchagua kuvuta wakati mashine iko kazini, kwa sababu saa ikirudishwa nyuma ghafla, jambo lililotendeka baadaye huandikwa kuwa limetangulia.

Katika NTP kompyuta hupewa namba kulingana na umbali wake kutoka kwenye chanzo. Chanzo chenyewe ni 0, kompyuta iliyounganishwa nacho ni 1, inayoiuliza hiyo ni 2, na kuendelea hadi 15. Neno *tabaka* lina harufu ya siasa ya zama nyingine, na *daraja* ni baya zaidi, maana daraja la kwanza kwetu ni ubora, kama katika behewa la treni, ilhali namba hii haisemi lolote juu ya ubora. Kompyuta yenye namba 1 inayofuata sentensi bila mpigo yaweza kuwa mbaya kuliko yenye namba 2. Kwangu *kizazi* lingetosha: kizazi cha kwanza, cha pili, cha tatu, bila kudai kwamba mjukuu ni mjinga kuliko babu.

Juu ya namna ya kuandika saa sitasema mengi, ila moja ni la lazima. Mashine huandika kwa saa za ulimwengu, ambazo ziko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Ikiandika 04:00, Nairobi na Dar es Salaam ni saa moja asubuhi. Mfasiri akiandika *saa 4:00*, msomaji ana haki ya kuelewa saa nne asubuhi au saa nne usiku, na zote mbili si kweli. Saa ya mashine iachwe kwa tarakimu nne na alama yake, bila kutanguliwa na neno *saa*. Saa ya watu iandikwe kwa maneno, na kutajwa ni asubuhi au jioni. Vivyo hivyo *nukta*, ambayo katika kamusi za zamani ilikuwa na maana ya sekunde pia, haifai tena kwa maana hiyo katika maandishi ya namna hii. Anayesoma *nukta sifuri nukta tano* kwa sauti darasani atanielewa.

Limebaki neno moja ambalo bado halijaharibika, na yafaa tuliwahi. Mzunguko wa dunia hauendi sawa na saa za atomiki, na kwa hiyo kati ya mwaka 1972 na mwisho wa mwaka 2016 sekunde 27 ziliongezwa katika saa za ulimwengu, kila moja ikiandikwa 23:59:60. GPS haiongezi sekunde hizo katika hesabu yake, na tangu tarehe 1 Januari 2017 imekuwa mbele ya saa za ulimwengu kwa sekunde 18. Kipokezi huipata tofauti hiyo katika matangazo ambayo huchukua dakika kumi na mbili na nusu kukamilika, na kilichowashwa sasa hivi huweza kukosea kwa sekunde kadhaa mpaka kiipate. Kiingereza huiita nyongeza hiyo kwa neno la kuruka, na tayari nimeona *sekunde ruka*. Lakini sekunde iliyorukwa kwetu ni ile iliyoachwa, na hii imeongezwa. Fundi atatoa pale panapotakiwa kujumlisha, na saa yake itakuwa na pengo mara mbili ya lile alilotaka kuliziba. Mwaka wenye siku 366 Kiswahili hakikuuita mwaka wa kuruka. Kiliuita *mwaka mrefu*. Kwa kipimo hicho hicho, dakika yenye sekunde 61 ni *dakika ndefu*, na sekunde yenyewe ni *sekunde ya nyongeza*. Mkutano mkuu wa vipimo wa mwaka 2022 uliamua kwamba kufikia mwaka 2035 tofauti inayoruhusiwa kati ya mzunguko wa dunia na saa za atomiki ipanuliwe, kwa hiyo huenda dakika ndefu zisionekane tena kwa miaka mingi. Zile 27 zilizokwisha kupita, hata hivyo, zimo katika kumbukumbu, na 18 kati yake kila kipokezi kinachowashwa leo bado kinazihesabu.